Kipunji na nyani: ni ndugu, lakini si mnyama mmoja

Kwa wanaolima kandokando ya Mlima Rungwe, mnyama anayeingia kwenye mahindi huitwa "nyani" tu, kisha hutafutwa mtego. Lakini katika misitu yetu yupo mnyama mwingine, ndugu wa nyani, ambaye duniani kote anapatikana Tanzania pekee. Huyo ni kipunji. Leo tunaeleza namna ya kuwatofautisha.

Kipunji alijulikana lini?

Wazee na wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kipunji kama mnyama wa msituni mwenye haya, asiyeonekana kwa urahisi. Watafiti wa shirika la uhifadhi la WCS walifuatilia habari hizo, na mwaka 2003 wakamwona. Mwaka 2005 alitangazwa rasmi kwa ulimwengu, na jina lake la Kinyakyusa likabaki hata kwenye jina la kitaalamu.

Mwanzoni wataalamu hawakuwa na mwili wa kuupima, walikuwa na picha tu. Kisha kipunji dume ambaye bado hajakomaa akakutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima, karibu na Mlima Rungwe. Vipimo vya vinasaba na mifupa vilionyesha kuwa ana undugu wa karibu na nyani, lakini yuko tofauti kiasi cha kuwekwa kwenye jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, mwaka 2006. Ilikuwa imepita miaka 83 bila jenasi mpya ya jamii hii ya wanyama kutangazwa barani Afrika. Vipimo vya baadaye vilionyesha kuwa zamani sana kipunji wa Rungwe na nyani waliwahi kuzaliana.

Utawatofautishaje?

Uso: Nyani ana pua na mdomo mrefu kama wa mbwa. Uso wa kipunji ni mweusi na mfupi zaidi.

Kichwa: Kipunji ana nywele ndefu zilizosimama utosini kama kishungi, na nyingine ndefu mashavuni. Nyani hana kishungi.

Rangi: Nyani wa kwetu ana manyoya ya manjano yaliyofifia. Kipunji ni kahawia ya kijivu, na tumbo na ncha ya mkia huelekea weupe.

Mkia: Mkia wa nyani hupanda kidogo kisha hushuka, kana kwamba umevunjika. Wa kipunji ni mrefu na haujapinda hivyo.

Mwendo: Nyani hutembea sana ardhini, hata mbali na msitu. Kipunji huishi juu ya miti, na kundi moja huwa na wanyama 30 hivi.

Sauti: Kipunji hutoa mlio mzito wa kubweka unaosikika mbali msituni.

Kwa nini tofauti hii ni muhimu?

Nyani wapo sehemu nyingi za Tanzania na nchi jirani. Kipunji wapo sehemu mbili tu: misitu ya Rungwe na Kitulo, na msitu wa Ndundulu katika milima ya Udzungwa. Hesabu ya kwanza, iliyotolewa mwaka 2008, ilikuta kipunji takriban 1,100. Hesabu ya karibuni ilikuta karibu 2,000. Ulinzi wa misitu, ikiwemo Hifadhi ya Mazingira Asilia Mlima Rungwe, umeleta matumaini. Hata hivyo, hao wote ni wachache kuliko wakazi wa vijiji vyetu vingi.

Mkulima afanye nini?

Tunajua kuwa gunia la mahindi lililopotea ni ada ya mtoto iliyopotea, na kipunji naye huingia shambani mara nyingine. Lakini tanzi la waya halichagui shingo. Lindeni kwa zamu mahindi yanapokaribia kukomaa, hasa asubuhi na jioni. Kwenye shamba linalopakana na msitu, zao kama chai haliwavutii wanyama hawa kama mahindi. Wakizidi, toeni taarifa kwa serikali ya kijiji, ofisa wanyamapori wa halmashauri au ofisi ya hifadhi.

Ukiona kishungi utosini, mfukuze kwa kelele na umwache arudi msituni. Kumuua yeyote kati ya wanyama hawa bila kibali ni kosa kisheria.