Kazi Kwanza, Lakini Usisahau Jumapili

Je, msomaji, umechoshwa na Nairobi na unawazia kuhamia Nakuru, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka wa 2021? Kabla ya kufunga mizigo, piga hesabu mbili.

Ya kwanza ni ya kazi. Mashamba makubwa ya maua na mitambo ya umeme ya Olkaria iko Naivasha, si Nakuru mjini. Ukipanga nyumba mjini na kazi iko Naivasha, nauli itakula mshahara.

Ya pili ni ya Jumapili. Watoto watakwenda wapi? Kariandusi, karibu na Gilgil, kuna makumbusho ya mashoka ya mawe ya watu wa kale, mahali Louis Leakey alipofanyia uchimbuzi. Ziwa Elmenteita na ndege wake liko jirani. Lakini kumbuka, uzuri wa mahali haulipi karo. Makumbusho na machimbo ya udongo mweupe ya Kariandusi hayawezi kuajiri kila mgeni.

Basi pata kazi kwanza, ndipo utafute nyumba. Kazi ikiwa Naivasha, ulizia vyumba Gilgil, iliyo kati ya miji hiyo miwili. Hapo nauli itapungua, na Jumapili watoto watafika Kariandusi bila kukukopesha madeni.