Orodha Kunjuzi na Suala la Upatanisho wa Kisarufi katika Violesura vya Wavuti

Utangulizi

Mtu anapojaza fomu katika tovuti, aghalabu hukutana na kisanduku chembamba chenye mshale mdogo unaoelekea chini. Akikibofya, hukunjuka orodha ya majibu yaliyokwisha kuandaliwa. Huchagua moja, nayo orodha hujikunja tena na kuacha jibu lile peke yake. Lugha ya HTML imekuwa na kipengele hiki tangu toleo lake la pili la mwaka 1995. Orodha yenyewe huandikwa kwa tagi iitwayo select, na kila jibu lililomo huandikwa kwa tagi iitwayo option. Toleo la nne, la mwaka 1997, liliongeza tagi ya optgroup inayoyagawa majibu katika makundi yenye vichwa.

Wapo wanaokiita kipengele hiki menyu kunjuzi, na wapo wasemao orodha kunjuzi. Makala haya yanatumia istilahi ya pili kwa sababu kinachokunjuka hapa ni orodha ya majibu. Ama neno kunjuzi, limeundwa kwa njia inayokubalika kabisa. Kitenzi kunja kikitiwa katika kauli ya kutendua hutoa kunjua, na kunjua hutoa kunjuzi kama vile chagua inavyotoa uchaguzi na chukua inavyotoa mchukuzi. Ni nadra kwa istilahi ya tarakilishi kuwa na nasaba safi kiasi hiki.

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba orodha kunjuzi, ijapokuwa huonekana kuwa jambo dogo la kiufundi, ni mahali ambapo sarufi ya Kiswahili hukabiliana uso kwa uso na mazoea ya watayarishaji programu waliozoea kufikiri kwa Kiingereza. Mkabala huu unawahusu wanaisimu kama unavyowahusu mafundi.

Thamani na Maandishi

Kila jibu katika orodha lina sehemu mbili. Ya kwanza ni maandishi, yaani yale anayoyaona mtumiaji. Ya pili ni thamani, nayo ndiyo inayopelekwa kwenye seva na kuhifadhiwa. Mtayarishaji asipoandika thamani, maandishi yenyewe huchukuliwa kuwa ndiyo thamani. Hapa ndipo makosa mengi yanapoanzia, kwani siku ukurasa unapotafsiriwa, takwimu zilizohifadhiwa nazo hubadilika lugha, na mtu aliyejiandikisha kwa Kiingereza hawezi kuhesabiwa pamoja na aliyejiandikisha kwa Kiswahili.

Utengano huu ukizingatiwa, Kiswahili hupata uhuru mkubwa. Mfano bora ni wa saa. Mswahili huhesabu saa zake kuanzia mapambazuko na machweo, ilhali tarakilishi huhesabu kuanzia usiku wa manane. Hakuna haja ya kumlazimisha yeyote kati yao aihame hesabu yake:

<option value="13:00">Saa 7 mchana</option>

Mtumiaji anasoma saa saba mchana, seva inapokea 13:00, na wote wawili wamesema kweli. Inashangaza kwamba tovuti nyingi za Kiswahili bado humwandikia msomaji wake "saa 13:00", kisha yeye akabaki akihesabu kwa vidole.

Neno Moja la Kiingereza, Maneno Saba ya Kiswahili

Kiini cha tatizo kimo katika upatanisho wa kisarufi. Tuseme ukurasa wa maktaba ya chuo una orodha kadhaa za kuchuja matokeo: aina ya maandishi, mwaka, lugha, mahali pa uchapishaji. Katika Kiingereza, jibu la kwanza la kila orodha huwa ni neno lile lile moja, fupi, lisilobadilika, lenye maana kwamba hakuna kitakachoachwa nje. Mtayarishaji huliandika mara moja tu na kulitumia kila mahali. Faili ya maneno humfikia mfasiri bila ukurasa wenyewe, naye hukuta neno hilo likiwa pweke, halina nomino ya kulitawala. Afanyeje? Akiandika "zote", tasnifu zitaridhika lakini vitabu vitalalamika. Akiandika "yote", majarida yatapona na wanafunzi wataumia.

Kiswahili kinadai wanafunzi wote, miaka yote, vitabu vyote, majarida yote, tasnifu zote, mahali pote. Na pengine kote na mote. Si suala la unadhifu tu. Msomaji anayekuta "Vitabu: Zote" hujua papo hapo kwamba aliyeandika ukurasa ule hakumkusudia yeye, na kwamba Kiswahili kimepachikwa juu kama kiraka.

Mtu anaweza kudhani kwamba, kwa kuwa miaka na majarida hushiriki "yote", jedwali la maumbo laweza kupunguzwa. Hilo haliwezekani. Orodha hizo hizo huwa na jibu la mwisho la kukusanya yaliyosalia, na hapo ngeli ya U-I hutoa mingine ilhali ya LI-YA hutoa mengine. Kivumishi -pya nacho hutenganisha miaka mipya na majarida mapya, huku tasnifu zikibaki mpya. Ongeza vitenzi rejeshi vya kitufe cha kufuta, yaani vilivyochaguliwa, yaliyochaguliwa, waliochaguliwa, zilizochaguliwa, na itadhihirika kwamba kamba moja ya herufi haiwezi kuzifunga ngeli zote.

Suluhisho la kwanza, ambalo ni rahisi na linatosha katika kurasa nyingi, ni kukataa kutafsiri neno pweke. Kila orodha ipewe kirai chake kamili: "Vitabu vyote", "Miaka yote", "Lugha zote". Faili itarefuka kidogo, lakini mfasiri atakuwa na nomino mkononi.

Suluhisho la pili linahitajika pale nomino zenyewe zinapotoka katika hifadhidata na haziwezi kujulikana mapema. Kila nomino ihifadhiwe pamoja na ngeli yake, na programu iwe na jedwali dogo la maumbo ya kila ngeli: kwa KI-VI katika wingi, vyote, vingine, vipya, vya, kwa LI-YA, yote, mengine, mapya, ya, na kuendelea. Yafaa maumbo haya yaandikwe yakiwa kamili badala ya kuiachia programu iunganishe kiambishi na mzizi. Vi- na -ote hutoa vyote, lakini vi- na -ingine hutoa vingine; ma- na -ingine hutoa mengine. Kanuni hizi za kifonolojia zinaweza kuandikwa katika msimbo, ila maumbo yenyewe ni machache mno kuweza kuhalalisha taabu hiyo.

Isitoshe, programu isiachiwe kukisia ngeli kwa kutazama herufi za mwanzo za nomino. Viongozi, vijana na vipofu wana kiambishi cha KI-VI lakini upatanisho wao ni wa A-WA: viongozi wote, wala si viongozi vyote. Madaktari na marafiki nao, licha ya kuanza kwa ma-, hufuata mkondo huo huo wa viumbe hai. Kwa hivyo ngeli ni taarifa inayopaswa kuingizwa na mtu anayeijua lugha. Hii ni kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili hasa, na haihitaji ajue hata mstari mmoja wa msimbo.

Lipo pia suluhisho la tatu, la ujanja: kuandika "Orodha nzima". Kivumishi hapo kinatawaliwa na nomino orodha, hivyo hakibadiliki hata orodha ikiwa ya wanafunzi au ya ramani. Ni ujanja unaosameheka nafasi inapokuwa finyu, japo unakaribia kuwa ukwepaji.

Ugumu hufikia kilele pale orodha kadhaa zinaposhikana kuunda sentensi moja, kwa mfano: Onyesha [vitabu] [vipya] vya mwaka [2015]. Mtumiaji akibadilisha orodha ya kwanza kutoka vitabu hadi majarida, ya pili haina budi kugeuka iwe mapya, na kihusishi cha a-unganifu, ambacho hakimo katika orodha yo yote, kigeuke kiwe ya. JavaScript hutoa tukio liitwalo change kila mara chaguo linapobadilika, na hapo ndipo msimbo wa kusoma jedwali la ngeli unapofungwa.

Mpangilio na Herufi ya Kwanza

Orodha ya nchi hudhihirisha aina nyingine ya uzembe. Majina hutafsiriwa, lakini mpangilio wa Kiingereza huachwa ulivyo. Matokeo yake ni kwamba Misri hujikuta karibu na Ekuado, na Ujerumani hukaa kati ya Jojia na Ghana, mahali ambapo hakuna Mswahili atakayeitafuta. Orodha ikishatafsiriwa sharti ipangwe upya. JavaScript ikiachiwa upangaji wa kawaida hufuata namba za siri za herufi, hivyo herufi kubwa zote hutangulia ndogo, na "saa 10" hutangulia "saa 2". Njia ya localeCompare, ikipewa alama ya lugha "sw", huondoa tatizo la herufi kubwa na ndogo. Ikiagizwa pia kuzisoma tarakimu kama namba, huondoa la pili. Siku za juma nazo zisipangwe kialfabeti kamwe, la sivyo Jumatano itaitangulia Jumatatu.

Vivinjari vingi humruhusu mtumiaji kubonyeza herufi kwenye kibodi ili kurukia jibu linaloanza kwa herufi hiyo. Mbinu hii ilibuniwa kwa lugha ambazo mwanzo wa neno ndio unaobeba utambulisho wake. Katika Kiswahili, mwanzo wa neno mara nyingi hubeba ngeli, na utambulisho huja baadaye. Katika orodha ya lugha, Kiarabu, Kifaransa, Kiingereza, Kikamba na Kiswahili zote huanza kwa Ki-, hivyo kubonyeza K hakumsaidii mtu. Siku tano kati ya saba zina herufi nne za mwanzo zilizo sawa. Kwa orodha ndefu ya namna hii, afadhali kisanduku cha kuandikia ambacho programu yake hutafuta herufi popote zilipo ndani ya neno, ili anayeandika "swa" aipate Kiswahili. Kwa orodha ya siku, hakuna haja. Saba ni chache.

Jamaa na Ndoa

Wakati mwingine kinachokosana na lugha ni mgawanyo wenyewe wa majibu. Fomu zinazouliza hali ya ndoa huwa na jibu moja la Kiingereza kwa mwenye ndoa. Kiswahili kina ameoa na ameolewa, na wafasiri wengine hutegua kitendawili hiki kwa mkwaju: "ameoa/ameolewa". Kusema "Yuko katika ndoa" hutosha na hakumlazimu mtu kutafuta upande wake.

Uhusiano wa kijamaa ni mgumu zaidi. Ndugu wa kiume wa mama ni mjomba na wa baba ni amu; dada wa baba ni shangazi, na dada wa mama ni mama mkubwa, mama mdogo au halati. Kiingereza huyakusanya haya katika maneno mawili. Mfasiri akichagua mjomba na shangazi pekee, amewafuta jamaa nusu. Akiwaandika wote na kuwapa thamani mbili za zamani, mtumiaji ataridhika lakini hifadhidata haitajua tofauti. Njia ya haki ni kumpa kila jamaa thamani yake, kisha ukurasa wa Kiingereza uzikusanye thamani hizo chini ya neno moja. Mgawanyo mpana hukunjika kwa urahisi ukawa finyu, finyu haukunjuki.

Orodha Zinazotegemeana

Nchini Kenya, mfumo wa ugatuzi uliotokana na Katiba ya mwaka 2010 una kaunti 47, maeneobunge 290 na wadi 1,450. Hakuna awezaye kuperuza wadi 1,450 katika skrini ya simu. Kwa hivyo hutumiwa orodha tatu: ya kaunti kwanza, kisha ya maeneobunge ya kaunti iliyochaguliwa, kisha ya wadi. Aliyechagua Mombasa ataletewa Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita. Akibadili nia na kuchagua Kiambu, orodha mbili za chini sharti zifutwe na kujazwa upya, la sivyo fomu itampeleka Kisauni ndani ya Kiambu. Seva nayo ihakiki jozi hiyo upya, kwa sababu ukurasa ulio mikononi mwa mtumiaji unaweza kuchezewa.

Jibu la kwanza liwe mwaliko, "Chagua kaunti", lenye thamani tupu, na orodha itiwe sifa ya required ili fomu isikubalike bila chaguo. Pasipo mwaliko huo, kivinjari hulichukua jina la kwanza kuwa ndilo lililochaguliwa, na kialfabeti jina hilo ni Baringo. Kila aliyeruka swali atahesabiwa kuwa mkazi wa huko. Mwisho wa orodha nao hutegemea lugha: kwa Kiingereza West Pokot hufunga mlango, lakini ikiandikwa Pokot Magharibi hupanda hadi P na kumwachia Wajir nafasi ya mwisho.

Hatimaye, ukurasa wenyewe utangazwe kuwa wa Kiswahili kwa sifa ya lang="sw". Wasioona hutegemea programu zinazosoma skrini kwa sauti, nazo huchagua kanuni za matamshi kwa kutazama sifa hiyo. Ikiwa imeandikwa "en", kama inavyotokea pale ukurasa wa Kiingereza unaponakiliwa na kutafsiriwa, "Chagua kaunti" itatamkwa kwa kanuni za Kiingereza.