Nyota Asiyeonekana: Mpira wa Magongo katika Ufuo wa Ziwa Victoria

Wakazi wa Kisumu hawahitaji kufafanuliwa maana ya nyota wa mchezo. Gor Mahia inapocheza kandanda mjini humo, barabara za kuelekea uwanjani hufurika watu. Lakini Lakers, timu ya wanawake ambayo imeuwakilisha mji uo huo katika ligi kuu ya mpira wa magongo nchini Kenya, huweza kucheza mbele ya watazamaji wachache mno: jamaa za wachezaji, walimu wawili watatu, na timu inayosubiri zamu yake. Je, mchezaji hodari katika hali hiyo hujulikanaje?

Yafaa kukumbuka kwamba magongo si mchezo mgeni ziwani. Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, na Wahindi waliokuja pamoja nayo, au nyuma yake, walijenga maduka, mahekalu na vilabu. Kote nchini, vilabu vya Masingasinga na vya Wagoa ndivyo vilivyoulea mchezo huu hadi Kenya ikashika nafasi ya sita katika Olimpiki ya Tokyo mwaka wa 1964 na ya nne katika Kombe la Dunia la Barcelona mwaka wa 1971. Nahodha Avtar Singh Sohal, beki aliyeshiriki Olimpiki nne kuanzia 1960 hadi 1972, alikuwa nyota. Ila alizungukwa na wenzake waliomlingana. Wengi wa jamii hizo walihamia Uingereza na kwingineko. Kisha, mwaka wa 1976, Olimpiki ya Montreal ikachezewa magongo kwenye nyasi bandia kwa mara ya kwanza. Kenya haikushiriki, kwa kuwa ilisusia pamoja na mataifa mengine ya Afrika. Mchezo ulibadilika Wakenya wakiwa nje ya mlango.

Badiliko hilo liliwaumiza zaidi walio mbali na Nairobi, kwa sababu uwanja wa City Park, wenye nyasi bandia, uko huko. Kwenye nyasi za kawaida mpira hurukaruka, na mchezaji hujifunza kuudhibiti kwanza, kisha kufikiri. Kwenye nyasi bandia mpira huteleza kwa kasi, na anayefikiri baadaye amechelewa. Binti aliyelelewa na uwanja wa aina ya kwanza husafiri kilomita 350 hivi kwenda kushindana kwenye ule wa pili.

Zaidi ya hayo, kanuni zenyewe hazimsaidii nyota mpweke. Bao halihesabiki isipokuwa mshambuliaji awe ameugusa mpira ndani ya nusu duara iliyo mbele ya lango, ambayo ukingo wake uko takriban mita 15 kutoka langoni. Hakuna kombora la kutoka katikati ya uwanja litakaloiokoa timu. Hata kona fupi, ambayo ni chanzo kikubwa cha mabao, huhitaji angalau watu watatu waliozoeana: mmoja husukuma mpira kutoka kwenye mstari wa nyuma, wa pili huutuliza nje ya nusu duara, wa tatu hupiga. Mmoja akikosea, mpigaji hodari hubaki ameinua gongo hewani. Tangu sheria ya kuotea ifutwe mwishoni mwa miaka ya 1990, mshambuliaji anaweza kusubiri langoni pa wapinzani atakavyo. Katika timu dhaifu, husubiri kweli.

Kuna pia suala la lugha, ambalo wanaspoti hulipuuza. Nyota wa kandanda walijengwa na redio. Sauti ya Leonard Mambo Mbotela iliwafikisha wachezaji kwa watu ambao hawakuwahi kuwaona, na kwa Kiswahili. Magongo hayakubahatika kupata mtangazaji wa kiwango hicho. Istilahi zake nyingi zimeazimwa kutoka kandanda, na mtazamaji mpya anayesikia filimbi kila mara asijue kosa ni lipi huondoka kabla ya mapumziko.

Hata hivyo, vipawa haviishi. Shule za wasichana kama Sinyolo ya Kisumu na Nyamira ya Siaya ni majina mazito katika magongo ya shule za upili. Wahitimu wake hukabiliwa na uamuzi mgumu: kubaki ziwani na kuwa mchezaji bora wa timu inayohangaika, au kufuata kazi, karo na nyasi bandia Nairobi, ambako timu ya Telkom, iliyokuja kuitwa Blazers, ilitawala kwa miaka mingi. Wanaoondoka hawapaswi kulaumiwa. Basi la usiku huwafikisha kabla ya mazoezi ya asubuhi. Wanaobaki hucheza Jumamosi, kisha huzikusanya koni wenyewe.