Taka Zitengwe Jikoni: Mafunzo Kutoka Nchi Nyingine



Siku moja wodini kwetu tulimpokea mtoto wa miaka minne aliyeungua nyayo zote mbili. Hakuangukia jiko. Alikuwa akitafuta vizibo vya soda katika shimo la taka nyuma ya nyumba. Juu palionekana majivu yaliyopoa, kumbe chini plastiki na matambara yalikuwa bado yanaungua. Mama yake alilia akisema, "Nesi, sisi huchoma taka kila Jumamosi ili pawe pasafi." Mama huyu hakuwa mzembe. Alifanya kama tufanyavyo wengi wetu: kila kitu shimo moja, kisha kiberiti.

Ndiyo maana mwezi huu tumeona vema tueleze jinsi wenzetu wa nchi nyingine wanavyozitenga taka za nyumbani ili zitumike tena.

Ujerumani: chupa yenye thamani haitupwi

Nchini Ujerumani familia huwa na mapipa kadhaa: la karatasi, la mabaki ya chakula, la makopo na vifungashio vya plastiki, na la taka zisizofaa tena. Chupa za kioo hupelekwa kwenye makasha ya mtaani, nyeupe mbali, kahawia mbali, kijani mbali, kwa sababu rangi zikichanganyika kioo kipya hakitoki safi. Tena, tangu mwaka 2003, anayenunua kinywaji cha kopo au cha chupa ya plastiki ya kutumia mara moja huweka amana, ambayo sasa ni senti 25 za yuro. Akirudisha chupa, hurudishiwa fedha yake. Jambo hili si geni kwetu. Nani hajatumwa dukani na chupa tupu ya soda?

Korea Kusini: mabaki hupimwa kwa mizani

Huko, tangu mwaka 1995, taka za kutupa hutiwa katika mifuko maalumu ya kununua. Atupaye nyingi hulipa nyingi. Mwaka 2005 ilikatazwa kufukia mabaki ya chakula kwenye madampo. Katika majengo mengi ya Seoul ipo mashine inayopima uzito wa mabaki na kumtoza mwenye nyumba. Kwa hiyo watu huyachuja maji kwanza, na hujifunza kupika kinachotosha. Mabaki hugeuzwa chakula cha mifugo, mbolea na gesi.

Japani: kijiji kisicho na gari la taka

Kamikatsu ni mji mdogo wa milimani, wenye watu wasiofika 2,000. Zamani walichoma taka mahali pa wazi. Baadaye walipata matanuri, lakini yakafungwa kwa sababu moshi wake ulikuwa na sumu iitwayo dioksini kupita kiwango kinachoruhusiwa. Mwaka 2003 wakaazimia kupunguza taka hadi zisibaki kabisa. Gari la taka halipiti. Kila mtu huosha chupa na makopo yake, huyakausha, na kuyapeleka kituoni, ambako hutengwa kwa aina zaidi ya 40. Mabaki ya chakula hubaki nyumbani na kuwa mboji. Wamefikia kutumia tena kiasi cha asilimia 80 ya taka zao.

Misri: nguruwe walipoondolewa

Jijini Cairo wako wakusanyaji taka waitwao Zabbaleen, wengi wao Wakristo wa Kikopti. Kwa miaka mingi walipita nyumba hadi nyumba, wakauza plastiki, karatasi na chuma, na mabaki ya chakula wakawapa nguruwe wao. Mwaka 2009, kwa hofu ya homa ya mafua ya nguruwe, serikali iliamuru nguruwe wa nchi nzima wachinjwe. Wakusanyaji wakakosa pa kupeleka mabaki, nayo yakarundikana na kuoza mitaani.

Hapo tunaona jambo moja. Kinacholeta inzi, panya na harufu ni mabaki ya chakula, na yakichanganyika na plastiki, vyote viwili huharibika. Wenye mashine na wasio na mashine huanzia mahali pamoja: jikoni, kabla kitu hakijatoka mkononi.

Nyumbani kwetu tufanyeje?

1. Maganda na mabaki. Wapeni mifugo, au yatieni katika shimo la mboji mbali na kisima. Kila mara yafunikeni kwa udongo au majani makavu, inzi wasizaliane.

2. Chupa, makopo na plastiki. Zisuuzeni, zitieni ndani ya gunia, mahali pasiponyeshewa. Kopo lenye maji ya mvua ni nyumba ya mbu waenezao homa ya dengi. Familia moja huchelewa kujaza gunia, lakini jumuiya nzima hujaza upesi, na mnunuzi huja.

3. Vitu vya hatari. Vioo vilivyovunjika, nyembe na betri viwekwe katika kopo lenye mfuniko, mbali na watoto. Sindano na dawa zilizopitwa na wakati zirudisheni zahanati. Chupa ya dawa ya shamba isitiwe maji wala mafuta ya kupikia, hata ikioshwa mara kumi.

4. Msichome plastiki. Moshi wake hudhuru mapafu, hasa ya watoto wachanga na wenye pumu. Kopo la dawa ya kupulizia wadudu likitiwa motoni hulipuka.

Mtoto akiungua, mmwagilieni maji safi ya baridi kwa dakika 20. Msimpake dawa ya meno wala mafuta. Kisha mleteni hospitali upesi.

Mtoto yule alikaa nasi wiki sita, akatoka anatembea. Mama yake alipomrudisha kliniki alitueleza kwamba shimo lile amelifukia, na maganda sasa huliwa na mbuzi. Vizibo vya soda anamwekea mtoto katika kopo, avichezee barazani.