Amosi alizijua nyota, watoto wetu je?



Mwezi huu wa Novemba, giza likiingia hapa Dodoma, iwe uko Chamwino, Bahi au Kongwa, toka nje utazame mashariki. Utaona nyota chache zilizosongamana. Hiyo ndiyo Kilimia, jina lililotokana na kulima, kwa kuwa nyota hizo zilimjulisha mkulima kwamba msimu umefika.

Nabii Amosi naye aliijua. Alikuwa mchungaji wa mifugo kule Tekoa. Katika Amosi 5:8 anamtaja Mungu aliyeiumba Kilimia, na katika mstari huohuo anasema ni yeye amwagaye maji juu ya nchi. Kuzitazama nyota hakukumtenga na Mungu, bali kulimpa maneno ya kumhubiri.

Lakini sisi, mtoto akiuliza, "Mama, mbona nyota hazianguki?" tunamjibu, "Nenda kalale." Au vibaya zaidi: "Usihoji kazi ya Mungu." Tunadhani tunailinda imani yake, kumbe tunamfundisha kwamba imani inaogopa maswali. Akifika sekondari atadhani ni lazima achague kati ya kanisa na fizikia. Tukimpoteza hapo, tusimlaumu mwalimu wake.

Kwa jirani zetu Kenya yupo Susan Murabana. Alianza akiwa kijana wa kujitolea, akipeleka sayansi kwa wanafunzi. Anga ikamvuta, akaisomea hadi shahada ya uzamili. Angeweza kubaki na elimu yake. Badala yake, mwaka 2014 yeye na mumewe, Chu Owen, walianzisha The Travelling Telescope, wakizunguka na darubini ili watoto wachungulie kwa macho yao wenyewe.

Hapa nyumbani, Dk Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ni miongoni mwa waliowaelimisha wananchi kuhusu kupatwa kwa jua kwa Septemba 1, 2016, lilipoonekana kama pete huko Rujewa, wilayani Mbarali. Watu walilitazama kwa miwani maalumu na kufurahi. Aliyeeleweshwa haogopi, humsifu Muumba akijua anasifu nini.

Ndugu yangu, Yesu alisema taa haiwashwi ili ifunikwe. Elimu nayo ni taa. Kama katika usharika wako yupo mwalimu wa sayansi, au kijana aliyerudi kutoka chuo kikuu, mwombeni azungumze na watoto wa Shule ya Jumapili, hata kwa nusu saa.

Na wewe usiye na darubini, anga unayo. Leo baada ya sala ya jioni, zima taa, watoe watoto uani, uwaonyeshe Kilimia. Wakiuliza usilolijua, usiwanyamazishe. Sema, "Sijui mwanangu, kesho tumuulize mwalimu." Jibu hilo halikupunguzii heshima.

Bwana aliyeiumba Kilimia atujalie mvua msimu huu, na watoto wasioogopa kuuliza. Amina.