Mguu Uliobaki Ardhini

Katika mji wa Mamallapuram, pwani ya kusini mwa India, kuna mwamba mkubwa uliochongwa katika karne ya 7, na miongoni mwa viumbe wengi waliomo yumo mtawa aliyesimama kwa mguu mmoja, mikono ameinyoosha juu ya kichwa. Mkao wa jinsi hiyo, ambao mwalimu wa yoga B.K.S. Iyengar aliufafanua katika kitabu chake cha mwaka 1966 kwa jina la vrikshasana, yaani mkao wa mti, hufunzwa leo karibu kila mahali yoga inapofunzwa.

Aghalabu mwanafunzi mpya huelekeza himma yake yote kwenye mguu ulioinuliwa, akitamani unyayo ufike juu pajani kama alivyouona pichani, ilhali kazi kubwa imo katika mguu uliobaki ardhini. Uzito hauna budi kugawanyika baina ya kisigino, shina la kidole gumba na shina la kidole cha mwisho. Huko juu, misuli ya ubavuni mwa nyonga ikilegea, nyonga hutokeza nje, kiuno huinama upande wa pili, na uti wa mgongo hupinda ili kufidia. Kwa hiyo ni heri unyayo ulioinuliwa utulie kwenye shavu la mguu, maadamu nyonga zi sawa, wala usikandamizwe gotini, kwa kuwa goti ni kama bawaba, halistahimili kusukumwa kwa ubavu.

Tena msomaji asidhani kwamba uthabiti ni kutotikisika. Mwili husimama kwa habari zitokazo kwenye macho, viungo vya mizani vilivyo ndani ya sikio, na hisi za nyayo, misuli na maungio. Ubongo huzipima na kuiamuru misuli, bila kukoma, ivute huku na kuachia kule. Mtetemo wa kifundo unaomtia mwanafunzi haya ni kazi hiyo ikitendeka. Ajikazaye kuuzuia huizuia na pumzi yake. Macho nayo yatue juu ya kitu kisichosogea, maana ayafumbaye hupoteza msaada mkubwa papo hapo.

Wazee, na kila mwenye kuchelea kuanguka, nawanasihi wasimame karibu na ukuta, wauguse kwa ncha ya kidole pasipo kuuegemea. Mguso huo, hata ukiwa mwepesi usioweza kubeba uzito wowote, hupunguza kuyumba, kwa sababu ngozi ya kidole huupelekea ubongo habari ya ziada. Basi waanzie hapo, pumzi chache kila upande, wakitanguliza mguu ulio dhaifu.