Uteuzi wa Mkabala wa Uthibitishaji wa Watumiaji katika Programu-tumizi za Wavuti: Mfano wa Mfumo wa Taarifa za Wanafunzi

1.0 Utangulizi

Uthibitishaji wa mtumiaji ni utaratibu unaouwezesha mfumo wa kompyuta kujiridhisha kwamba anayeomba kuingia ndiye yule anayejitambulisha kuwa. Utaratibu huu hutofautiana na uidhinishaji, ambao huamua mtu aliyekwisha kutambuliwa anaruhusiwa kufanya nini. Makala haya yanajadili namna msanidi wa programu-tumizi ya wavuti anavyoweza kuteua mkabala unaofaa wa uthibitishaji. Mfano unaotumika ni mfumo wa taarifa za wanafunzi wa chuo kikuu, ambamo mwanafunzi husajili kozi, hupata namba ya malipo ya ada na kusoma matokeo yake, na mhadhiri huingiza alama. Katika mfumo wa namna hii, mtu mmoja akiingia kwa jina la mwingine anaweza kubadili alama. Na alama zikishatiliwa shaka, shahada nayo hutiliwa shaka. Hoja kuu ya makala haya ni kwamba uimara wa mlango wa kuingilia hautoshi kuwa kigezo cha uteuzi: namna ya kurejesha akaunti iliyopotea na namna ya kumwondoa mtumiaji mara moja zina uzito uleule.

2.0 Vigezo vya Uteuzi

Mwaka 2012, Bonneau, Herley, van Oorschot na Stajano walitathmini mapendekezo ya miongo miwili yaliyokusudiwa kuchukua nafasi ya nywila. Walitumia vigezo 25 vilivyogawanyika katika makundi matatu: urahisi wa matumizi, urahisi wa kusimika na usalama. Walibaini kwamba hakuna pendekezo lililohifadhi faida zote ambazo nywila tayari inazo. Tokeo hili linaeleza kwa nini nywila, licha ya kulaumiwa kwa muda mrefu, bado inatumika. Aidha, linaonesha kwamba uteuzi wa mkabala ni suala la kupima faida moja dhidi ya nyingine, kwa kuzingatia hali halisi ya watumiaji.

3.0 Nywila na Uhifadhi Wake

Udhaifu wa nywila una pande mbili: namna inavyoteuliwa na namna inavyohifadhiwa. Kuhusu uhifadhi, Morris na Thompson walionesha mwaka 1979, katika mfumo wa Unix, kwamba nywila haipaswi kuhifadhiwa kama ilivyoandikwa. Inapaswa kugeuzwa kwa ukokotozi usiorejesheka, ikiwa imechanganywa na tarakimu za nasibu ziitwazo chumvi, ili watu wawili wenye nywila moja wasiwe na alama moja katika hifadhidata. Kanuni za baadaye, kama vile bcrypt ya mwaka 1999 na Argon2 iliyoshinda shindano la kimataifa mwaka 2015, zinaufanya ukokotozi huo uwe wa gharama kwa makusudi, ili anayekisia nywila kwa mamilioni acheleweshwe. Gharama ya kupuuza kanuni hizi ilidhihirika mwaka 2009, pale nywila zipatazo milioni 32 za kampuni ya RockYou zilipovuja zikiwa hazijageuzwa kwa namna yoyote.

Kuhusu uteuzi, mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wa mwaka 2017 uliachana na desturi ya kumlazimisha mtumiaji kubadili nywila kila baada ya muda fulani. Badala yake, ulitaka nywila anayojiwekea mtumiaji iwe na herufi zisizopungua 8 na ilinganishwe na orodha ya nywila zilizokwisha kuvuja. Kwa mfumo wa chuo, jambo la kwanza la kuepukwa ni nywila ya awali inayotokana na jina la ukoo au namba ya usajili, kwa kuwa taarifa hizo hubandikwa hadharani kwenye mbao za matangazo.

4.0 Kithibitishi cha Pili

Kithibitishi cha pili kinachofahamika zaidi ni tarakimu zinazotumwa kwa ujumbe mfupi wa simu. Faida yake ni kwamba hufanya kazi hata kwenye simu ya kawaida. Hata hivyo, laini inaweza kurejeshwa kwa udanganyifu mikononi mwa tapeli, na namba isiyotumika kwa muda mrefu inaweza kupewa mteja mwingine. NIST iliiweka njia hii katika kundi la vithibitishi vyenye masharti. Tarakimu zinazozalishwa na programu ndani ya simu, kwa kanuni iliyochapishwa mwaka 2011, hubadilika kwa kawaida kila baada ya sekunde 30 na hazihitaji mtandao wa simu. Hata hivyo, mtumiaji anaweza kuhadaiwa akaziandika kwenye tovuti bandia.

Tatizo la hadaa linatatuliwa vyema zaidi na WebAuthn, iliyoidhinishwa na W3C mwaka 2019. Katika mkabala huu, kifaa cha mtumiaji hutunza ufunguo wa siri na seva hutunza ufunguo wa umma. Kwa kuwa sahihi inayotolewa hufungamanishwa na anwani ya tovuti, tovuti bandia haiwezi kuitumia. Kikwazo ni cha kijamii: mwanafunzi anayetegemea kompyuta za maktaba na simu ya kuazima hana kifaa anachoweza kukiita chake.

5.0 Kudumisha na Kusitisha Utambulisho

Itifaki ya HTTP haikumbuki ombi lililotangulia, hivyo mfumo unahitaji njia ya kumtambua mtumiaji aliyekwisha kuingia. Njia ya kwanza ni seva kutunza kumbukumbu ya kikao na kukipa kivinjari kidakuzi chenye kitambulisho cha nasibu. Ya pili ni tokeni iliyotiwa sahihi, kama JWT ya mwaka 2015, inayobeba taarifa zake yenyewe. Tokeni huwafaa wenye seva nyingi, lakini hubaki halali hadi muda wake uishe, isipokuwa seva itunze orodha ya tokeni zilizofutwa. Na ikitunza orodha hiyo, faida ya kutokuwa na kumbukumbu hupungua. Mhadhiri aliyeondolewa kazini asubuhi hapaswi kuwa na uwezo wa kubadili alama mchana. Kwa sababu hiyo, vikao vya seva vinaufaa zaidi mfumo wa chuo kimoja.

6.0 Kurejesha Akaunti

Mfumo wowote huwa imara kadiri ya njia yake dhaifu kuliko zote ya kuingia. Iwapo mhadhiri hutumia ufunguo wa WebAuthn lakini anaweza kuweka upya akaunti kwa kujibu swali kuhusu mahali alipozaliwa, mvamizi hatahangaika na ufunguo, atajibu swali. Kwa akaunti zenye mamlaka juu ya alama, urejeshaji unapaswa kufanyika ana kwa ana, kwa kitambulisho, na kuwekewa kumbukumbu.

7.0 Hitimisho

Mjadala huu unaonesha kwamba mkabala mmoja hauwafai watumiaji wote wa mfumo mmoja. Kwa wanafunzi, nywila iliyohifadhiwa ipasavyo, kikao kifupi kwenye kompyuta za pamoja na kithibitishi cha pili cha hiari vinatosheleza mahitaji bila kumfungia nje asiye na simu janja. Kwa wahadhiri na maofisa wa mitihani, WebAuthn iwe sharti, kwa kuwa chuo kinaweza kuwapatia vifaa. Mpaka kati ya makundi haya uwekwe kwa kuzingatia madhara ambayo kila akaunti inaweza kusababisha ikiangukia mikononi mwa mtu mwingine.